Wawili wa jina moja

Kaka, usinipigie. Soma tu.

Unaikumbuka skripti niliyokutambia jana, ya kufuta majina yaliyojirudia kwenye orodha ya wagonjwa na dawa zao? Mistari sita. Nilimwambia mkuu wa masijala hata mizani imetimia, kama shairi. Akacheka, akaichapa orodha na kuipeleka wodini bila kuikagua.

Sasa hivi nesi wa wodi ya wanawake amepiga simu ya mezani. Sauti ya chini kabisa. "Mdogo wangu, yule bibi mwenye mzio wa penisilini mbona simwoni kwenye orodha?" Akanitajia jina.

Nikamjibu, "Yumo, dada, ila hapa hana mzio wowote."

Akasema, "Huyo ni wa kitanda cha nne. Mimi nakuuliza wa kumi na moja."

Wako wawili, kaka. Wawili. Jina moja mpaka la babu. Skripti imembakisha wa kwanza na kumfuta wa pili pamoja na onyo lake. Namba zao za kadi zilikuwepo. Niliziona. Nikaziacha kwa sababu zilikuwa zinarefusha mstari wangu.

Nikamuuliza, "Ameshachomwa sindano ya penisilini?"

Nikamsikia anamuuliza mwenzake, "Wa kumi na moja umempa nini?" Mwenzake akasema, "Nilichokuta kimeandikwa."

Kaka, nilichokuta kimeandikwa.

Hajakata simu mpaka sasa. Mkonga uko hapa mezani, nasikia viatu vinakimbia. Wanaliita lile jina, wanarudia, wanarudia. Anayeitika ni bibi mmoja tu.