Tiki Niliyomwekea Tatu

Jumamosi, 11 Januari

Tatu hakuwa na kinga ya meno leo. Niliona, nikamwekea tiki. Sijamwambia mtu yeyote. Jambo hili naliandika hapa tu, daftari, kaa nalo.

Kazi yangu ni ndogo. Kabla ya mazoezi watoto wanapanga mstari nje ya banda la mieleka, hapa Boko, wananionyesha kucha, kisha wanafungua midomo. Mwenye kucha fupi na kinga mdomoni, ile ya plastiki inayofunika meno ya juu, anapata tiki, anapanda mkekani. Asiye nayo anarudi. Kocha Somoe alinipa kazi hii nilipomaliza kidato cha nne, akasema nina mwandiko mzuri. Hakusema kwamba kuna siku nitatakiwa kumwambia mtu hapana.

Tatu ana miaka kumi na miwili. Alifungua mdomo, meno matupu. Akanitazama tu. Nyuma yake wenzake wanasukumana, wanasema dada Neema leo kalala. Nikaweka tiki.

Dakika chache baadaye Jackline, aliyekuwa anapambana naye, akapiga kelele. Chini ya kiwiko alama za meno, na damu. Kocha alisimamisha kila kitu. Alimwosha Jackline kwa maji ya bomba na sabuni, muda mrefu, bila papara, akafuta mkeka kwa dawa, kisha akampeleka zahanati mwenyewe. Hakumfokea mtu. Namheshimu sana kwa hilo. Mie nilibaki na daftari la ukaguzi mkononi.

Jumatatu, 13 Januari

Nimefanya vibaya kuliko nilivyodhani.

Jackline kachomwa sindano ya pepopunda, anaendelea vizuri. Mama yake alikuja leo, kakasirika. Tatu alisema hakung'ata, ni mkono wa Jackline ulioingia mdomoni mwake. Kocha akafungua daftari la ukaguzi. Tiki ipo. Ndipo Mama Jackline akauliza jambo ambalo mie sikuwa nimelifikiria: kama mtoto alipanda na kinga, na meno yamekata nyama, si ina maana aliitoa ili ang'ate?

Tiki yangu imegeuza ajali ikawa makusudi.

Sheria yetu inajulikana. Anayemng'ata mwenzake kwa makusudi hakanyagi mkeka miezi mitatu. Jumamosi wanakuja watoto wa Temeke, na Tatu anaisubiri siku hiyo tangu mwezi uliopita. Kocha alisema ataamua Alhamisi, hadi hapo Tatu asipande. Akamuuliza kinga iko wapi. Imepotea, akajibu. Hakunitaja. Hata kunitazama hakunitazama.

Mie mwoga. Sina neno lingine.

Jumanne, 14 Januari

Nimefua. Nimefagia uwanja mara mbili. Bado mwoga.

Jumatano, 15 Januari

Tatu alikuja ingawa haruhusiwi kupanda. Alikaa pembeni akakunja taulo za wenzake. Wanamwita Mamba. Alipompa mmoja taulo lake, yule akaficha mkono mgongoni. "Nihurumie, ndo huu ninaoandikia." Wakacheka. Tatu naye akacheka, kisha akainama akakunja taulo ambalo alikwisha kulikunja.

Nikamfuata bombani. Nikamuuliza kwa nini hasemi ukweli. Akanishangaa.

"Mie ndo nilikuomba kwa macho, dada. Nikuombe, halafu nikusemee?"

Kinga yake mdogo wake aliitumbukiza chooni siku ya Ijumaa. Aliogopa kukosa mazoezi ya wiki ya mwisho, basi.

Ana miaka kumi na miwili. Kati yetu wawili, mtu mzima ni yeye.

Alhamisi, 16 Januari

Andika polepole, Neema.

Kocha Somoe anafanya kazi kwenye karakana ya vinyago. Anapiga msasa na kung'arisha. Leo alikuja na mche wa nta wanayong'arishia, mnene kama mkono wa mtoto. Wakakaa Tatu, Jackline na mama zao. Kocha akamwambia Tatu aung'ate mche. Tukaona safu mbili za alama za meno, ya juu na ya chini, zinatazamana. Kisha akampa Jackline ausukume usoni kwa Tatu kama alivyosukuma mkono siku ile, taratibu. Tatu akaachama. Upande huo wa mche ikabaki safu moja tu, ya juu, imeburuzika.

Akamwomba Jackline afungue bandeji. Safu moja. Imeburuzika.

Kocha hakusema mnaona. Aliwaacha waangalie wenyewe. Sijawahi kuona mtu akimtetea mtoto kwa upole namna ile bila kumgeuza mwingine mkosaji. Alisema kumsukuma mpinzani usoni kwa mkono kunaruhusiwa, Jackline hakukosea kitu.

Lakini Mama Jackline ni mtu makini. Sawa, akasema, hakung'ata. Sasa kinga aliitoa ya nini? Kocha akaliangalia daftari la ukaguzi.

Nikasimama.

"Hakuwa nayo. Niliona, nikaweka tiki. Niliona haya kumrudisha."

Sauti ilitoka ndogo mno, Mama Jackline akaniambia nirudie. Nikarudia. Mara ya pili ni mbaya kuliko ya kwanza.

Alinisema sana, yaani mwanawe kachomwa sindano kwa sababu ya haya yangu. Haki yake. Niliwaomba msamaha mmoja mmoja. Mama Tatu alimvuta tu mwanawe karibu.

Nilidhani nitafukuzwa. Kocha aliwapanga watoto wote mstari bila kinga, akaniambia nimrudishe kila mmoja kwa sauti ya kufika mwisho wa banda. Walinisumbua makusudi. Mmoja akalia machozi ya uongo, mwingine akasema kinga yake kaila mbuzi. Hapana, toka. Hapana, toka. Wa mwisho alikuwa Kocha mwenyewe, kaachama kama yuko kwa daktari. Nikacheka. Akarudi nyuma, akapanga foleni upya. Nikacheka tena. Mara ya tatu nikaweza.

Kisha akasema Jumamosi Tatu atapanda, akachemsha maji, akachovya kinga mpya mpaka ikalainika, akampa Tatu aing'ate ishike umbo la meno yake. Kuanzia leo kuionyesha hakutoshi. Mtoto anaing'ata mbele yangu, anatikisa kichwa, naona kama imekaa.

Jumamosi, 18 Januari

Temeke wamekuja. Mpinzani wa Tatu ni msichana mrefu, mabega kama ya mbeba magunia. Akafungua mdomo. Meno matupu.

Kocha wao ni mtu mzima, nilikwisha kumwamkia shikamoo. Alitabasamu. "Mwache tu, binti. Ni dakika chache."

Mstari mzima unanitazama. Sipendi kutazamwa.

"Hapana, baba. Atoke kwenye mstari."

Akanuna. Wakapekua begi, kinga ikaonekana chini ya kandambili. Wakaiosha. Msichana akaing'ata, akatikisa kichwa. Tiki.

Akamshinda Tatu kwa pointi, vizuri kabisa. Kinga isingeonekana, Tatu angepewa ushindi wa bure. Niliwaza hilo, siwezi kudanganya. Tatu alishuka mkekani anahema, akaniambia kitu huku kinga imejaa mdomoni. Nilichoelewa ni kwamba nimesema hapana kama Kocha. Na aliyemshangilia kuliko wote ni Jackline, bandeji mkononi, anapaza sauti: Mamba, Mamba. Sasa ni jina la sifa.

Jumapili, 19 Januari

Daftari, siri ya kwanza huna haja ya kunitunzia tena. Hata mama anaijua. Nilimwambia jana tukichambua mchele.

Mche wa nta ninao mimi. Nimeuweka dirishani, mahali pasipofika jua.

Kwenye kasha la kinga mpya ilibaki moja, ya mdomo mkubwa. Kocha alinipa jana. Leo mama alipokwenda kwaya nilichemsha maji, nikaichovya, nikaing'ata mbele ya kioo. Nikatikisa kichwa. Imekaa.

Mkekani sijawahi kupanda. Kesho saa kumi nitasimama mwisho wa mstari. Sijui nani atanikagua. Mpaka saa hiyo, daftari, usimwambie mtu.