Mama Armelle Kafunga Mizigo

Honorata, nimeharibu. Nimeharibu kabisa, dada!

Leo hapa kambini niliwafundisha watoto kwamba Ziwa Tanganyika lilitokea ardhi ilipopasuka, na mpaka sasa inaendelea kupasuka polepole.

Armelle akakimbia kumwambia mama yake. Mama mtu kafunga mizigo! Nimemkuta barabarani na watoto wote.

Nikamwambia, "Mama Armelle, ni polepole mno, hata wajukuu zako hawataona."

Akanijibu, "Mwalimu, hata vita kule Burundi walituambia viko mbali."

Viko mbali, Honorata!

Nikamshika mkono, akauchomoa. Wameondoka.

Armelle kageuka kaniuliza, "Mwalimu, wapi ardhi haipasuki?"

Nawafuata kwa miguu. Washa pikipiki uje, nakuomba.