Mjomba, Upepo Gani Ule?

Mpendwa mjomba,

Mugonile, natumaini umelala salama, ingawa mimi mwenyewe silali vizuri siku hizi. Nasikia uko Dodoma kwa binti yako, umekwenda kupumzika. Haya, pumzika. Ila barua hii isome ukiwa umekaa, na kama nitakuvunjia heshima mahali, ujue nimejizuia sana. Nakala yake nimeibandika kwenye ubao wa chama hapa Makwale, maana jambo lenyewe si la familia yetu peke yake.

Unaikumbuka Krismasi ile uliyokuja likizo, ukiwa bado hakimu huko mikoa ya mbali? Wewe ulitaka tubaki nyumbani tuvunje kokoa. Sisi watoto tulitaka kwenda Mwaya, tukaoge ziwani, tule samaki mbasa wa kuchoma. Tulibishana mpaka bibi akatufukuza jikoni. Ukasema, basi, tupige kura. Ukaweka sufuria mbili nyuma ya mlango, kila mtu akapewa punje moja ya kokoa akaitumbukize anakotaka, hata mdogo wangu aliyekuwa bado anajikojolea.

Tukakushinda. Bibi alichungulia sufuria, akakunong'oneza, "Waambie tu umeshinda. Watoto hawa nani atakubishia?"

"Hapana, mama," ukamjibu. "Zimwageni mkekani, kila mtu aone."

Zikamwagwa, tukazihesabu kwa kupiga kelele. Njia nzima ya Mwaya ulinuna, lakini kapu la chakula ulilibeba wewe. Jamani, nilivyojivuna kuwa mpwa wako siku ile!

Ulipostaafu ukarudi nyumbani, wakulima wakakufuata uwaandikie katiba ya chama chetu cha kokoa. Ukaweka kipengele kwamba kura zitamwagwa na kuhesabiwa juu ya mkeka, uwanjani, mbele ya wanachama. Watu walicheka mpaka machozi. Mkeka kwenye katiba, mheshimiwa? Wewe hukucheka. Ulisema ofisi ina mlango, na mlango hufungwa. Tukakupigia makofi, tukakufanya msimamizi wa uchaguzi, nawe ukaniteua mimi karani wako.

Mwaka huu mkeka niliutoa nyumbani kwa mama. Tukamwaga kura, tukahesabu, mimi nikiandika. Mama Atu, mjane mwenye shamba kule mtoni, alimshinda mwenyekiti waziwazi. Hakuna aliyebisha. Ulijaza karatasi mbili za matokeo, ukazisaini, moja ukanipa niitunze kama ulivyonizoesha. Ndipo mwenyekiti alipokuita pembeni, mkaingia ofisini. Ulipotoka hukunitazama.

"Upepo umechanganya kura," ulisema. "Tutahesabu upya, ndani."

Upepo gani, mjomba? Migomba ilikuwa imetulia tuli, hata jani halikutikisika! Mliingia na kura, mlango ukafungwa, na ulipofunguliwa mwenyekiti alikuwa mshindi. Mchungaji akafunga mkutano kwa sala. Mwalimu mkuu akainamia simu yake. Mgeni aliyetumwa kuangalia uchaguzi wetu akasema ana safari, akaondoka na mfuko wa mchele aliofungashiwa.

Mwenyekiti simlaumu sana. Yule anakipenda kiti na hajawahi kutuficha. Ninyi ndio mlionichoma moyo, ninyi wasomi tunaowapangia viti vya mbele kila mkutano. Tuliwaweka pale ili siku mwenye nguvu akitaka kupindisha mambo, mtu mmoja mwenye jina asimame aseme hapana. Mmoja tu angetosha. Na ningeulizwa asubuhi ile ni nani atakayesimama, ningekutaja wewe bila kufikiri.

Mama Atu alinigeukia, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, si wewe uliyeandika?" Nikatazama chini. Nilinyamaza kwa ajili yako, mjomba, na hilo sijajisamehe mpaka leo.

Sasa wanachama wamepeleka malalamiko. Jumatatu kuna kikao Kyela mjini, nami nimeitwa. Karatasi yenye saini yako imo ndani ya Biblia yangu. Dada yako, mama yangu, ananisihi niichome. Anasema nitamzika kaka yake akiwa hai, kisha analia, nami nalia naye hapohapo kwenye vichanja vya kuanikia kokoa. Nimeishika mara mbili karibu na jiko. Mara zote mbili nimeirudisha.

Sitaichoma. Nimekuandikia ili usije ukasikia kwa watu. Nafasi bado ipo: panda basi, uje, uwaambie kwa mdomo wako kabla mimi sijafungua wangu. Ukisema wewe, watakuzomea kidogo, halafu watakuheshimu. Nikisema mimi, itakuwa ni mpwa amemuumbua mjomba wake mbele za watu, na sote wawili tutaishi na aibu hiyo.

Ndaga kwa yote uliyonifundisha, hata kama leo ndiyo yananiumiza. Jumatatu nitatangulia na mkeka, niutandike. Yule mjomba aliyeshindwa na watoto, akanuna, lakini akabeba kapu mpaka ziwani, ndiye ninayemngoja. Asipokuja, nitaitoa karatasi.

Mpwa wako,
karani uliyemteua mwenyewe