Paa chini ya meza

Shoga, nimejifungia kwenye choo cha walimu. Sitoki.

Si nilikuwa nafundisha maneno yanayotamkwa sawa lakini maana ni tofauti? Neno paa. Mimi naigiza, watoto wananyamaza mpaka nipige makofi ndipo wajibu. Paa la nyumba likapita, kupaa kukapita.

Akabaki paa mnyama. Mtu mzima nikatambaa chini ya meza, eti paa amejificha. Kiuno kikakaza hukohuko, kutoka siwezi.

Mwalimu mkuu akaingia na wazazi wageni. “Mwalimu wenu yuko wapi?”

Kimya. Akauliza tena. Mara ya pili, shoga. Kimya.

Mwaka mzima nawasihi wanisikilize, wakachagua leo.

Ikabidi nipige makofi. Darasa zima: “Paa mnyama!”

Mkuu akainama, akanitazama. “Naona wameelewa.”