Mesaji ya Siku ya Mungu

Goma, Ndosho, tarehe 27 Novemba 2012

Kwa Yaya yangu, kaka yangu mukubwa Julien,

Pokea salamu zangu na za nyumba yote hapa Ndosho. Natumaini barua hii inakukuta muzima wa mwili, wewe na Fabiola na watoto, na kwamba upepo wa ziwa la huko ng'ambo hauwasumbui. Mimi ni muzima, kile kikohozi kiliniacha. Munyakazi, mutoto wa shangazi, ni muzima pia, na ameniomba nikuandikie kwamba anakukumbuka. Kuhusu Papa nitakueleza, lakini uniache nifuate njia yangu, kwa sababu nikianzia hapo kalamu itasimama.

Utashangaa kuona karatasi, wewe uliyezoea kuniambia kwamba karatasi ni mambo ya wazee. Anayekuletea ni Mama Mukabalisa, yule anayevusha nyanya kwenye barrière ndogo ya mupakani. Nilipomupa hakuniuliza unakaa wapi Gisenyi. Anajua.

Nakukumbusha kwanza mambo ya biro, ile ofisi yetu ya kusaidia wakimbizi, maana naona mutu akivuka mupaka anasahau haraka. Ile ordinatere yetu, kompyuta kuukuu, haina picha wala kitu cha kubofya. Ina kioo cheusi na herufi nyeupe, na mutu anaiandikia amri kama anayemutuma mutoto dukani. Wewe ndiye uliyeipanga hivyo, kwa sababu courant, huu umeme wa Goma, ni mugeni asiye na adabu, haipigi hodi na haiagi. Ulinifundisha tuandike mesaji zetu mapema, tuziweke kwenye brouillon, yaani rasimu, zingojee, na siku courant na ligne ya mtandao vikipatana tuzitume. Kuna amri inayotuma brouillon moja tu, ile unayoitaja kwa jina. Na kuna ile nyingine inayofagia zote mara moja. Hiyo ya pili ulinikataza kuigusa ovyo, ukasema mesaji ikishatoka haina kamba ya kuirudisha.

Jumamosi ile waasi walipokuwa wamekaribia Kibati, ulikaa mbele ya kioo tangu asubuhi na chai ulikataa. Ulipomaliza ukaniita, ukanionyesha brouillon zimepangwa, kila moja na jina la siku yake, kuanzia Jumatatu mpaka Jumapili, siku ya Mungu, ya juma litakalofuata. Ukaniambia kazi ya wakimbizi itakumeza, hutapata nafasi ya kuandika, nami nitume moja kila siku kwa watu wetu wote wa association, wanachama wa hapa na wa Ulaya, wasipoteze moyo. Nikaona ni akili. Nilikusifu moyoni, Yaya. Nikasema huyu ndiye mukubwa, anapanga hata kazi ya siku ambayo hajaiona.

Basi nikatuma. Jumatatu nikatuma; sikukukuta biro, nikasema kazi ya wakimbizi imekumeza kama ulivyoniambia. Jumanne waasi wakaingia muji, maji yakakatika, courant ikakatika, nikaunga ordinatere kwenye batri ya gari na nikatuma. Munyakazi alikuwa akizipokea kwenye telefone yake na kumusomea Papa uani, na majirani wakaanza kuja kusikiliza kama wanaokuja kwa redio. Mesaji ya Jumanne ilisema uko hapa Goma pamoja nasi, unalala biro, hauendi popote, na mulango wako uko wazi kwa kila mutu. Mama Angèle wa nyumba ya pili alikuwa amekwisha kufunga mizigo. Aliposikia hayo akaifungua. Akasema kama wewe, mutoto wa muzee Niyibizi, umebaki, basi mambo si mabaya hivyo.

Mujomba Twagirayezu alikuwa amepata nafasi kwenye boti ya kwenda Bukavu, akatuma mutu amuchukue Papa. Papa akakataa. Akasema hawezi kupanda boti na kumuacha mutoto wake biro akilinda watu. Nadhani hujasahau alikotoa neno hilo. Mwaka ule volkano ilipotapika, tulipokimbilia Gisenyi na magodoro kichwani, tulihesabiana barabarani tukakuta wewe haupo. Papa akarudi peke yake, watu wote wakija huku yeye akienda kule. Alikukuta mutaa wa Majengo, umepanda juu ya ukuta wa shule, moto umepita huku na huku, akakushika mukono akakuvusha juu ya mawe ambayo bado yalikuwa yanatoa moshi. Viatu vyake viliyeyuka. Nyayo zake hazikupona vizuri tena, na mimi ndiye niliyekuwa nikizipaka mafuta. Tangu siku ile aliapa kwamba hatatoka tena katika muji huu kabla ya kuhesabu watoto wake.

Alhamisi Mama Mukabalisa alirudi na beseni tupu, akapita kwangu, akaniuliza kama wewe umegombana nasi. Nikamuuliza kwa nini. Akasema amekuona asubuhi Gisenyi, kando ya ziwa, unakula brochette, mishikaki ya nyama, miwani ya jua machoni, na ulipomuona ukageuza kiti. Nilimukatalia. Nikamuambia watu wanafanana. Akanijibu, wala hakukasirika, kwamba sura ya mutu anaweza kuisahau, lakini mutu anayemugeuzia kiti hamusahau.

Sina kawaida ya kusoma kitu cha mutu kabla ya siku yake. Siku ile nilikwenda biro nikafungua brouillon ya Ijumaa. Uliandika kwamba mvua imekunyeshea tangu Ndosho mpaka biro, na nguo zimekukaukia mwilini. Wazee walisema aisifuye mvua imemunyea. Wewe uliisifu mvua ya Ijumaa tangu Jumamosi, ukiwa umekaa kwenye kiti kikavu. Na Ijumaa yenyewe, ikiwa unataka kujua, jua liliwaka muchana kutwa.

Nilikwenda kwa Papa nikamueleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamuomba Munyakazi arudie kusoma mesaji ya Alhamisi, akaniuliza kama mutu aliyekimbia anaweza kuandika maneno kama yale. Nikamuambia maneno ni ya zamani, mimi ndiye ninayeyatuma. Akaniambia kwa upole kabisa kwamba tangu utoto nina wivu na wewe, na kwamba hizi si siku za wivu. Yaya, neno lile liliniunguza. Mimi niliyekuwa nimekaa mbele yake, ninayemupikia, sikuaminika. Wewe uliyekuwa ng'ambo na mushikaki mukononi uliaminika, kwa kuwa mesaji zako zinafika kila siku. Na zilikuwa zinafika kwa vidole vyangu.

Kwa hiyo Ijumaa sikutuma. Sitakuficha, nilifanya kwa hasira. Nilisema, acha Julien anyamaze siku moja, Papa atafahamu mwenyewe. Nilifikiri kimya kitamufundisha kile ambacho mudomo wangu ulishindwa. Papa akamuuliza Munyakazi, Munyakazi akaangalia telefone, hakuna kitu. Akauliza tena, hakuna. Alikula kidogo akaenda kulala, nami, Mungu anisamehe, nilifurahi kwa sababu nilidhani sasa ananiamini.

Hakuwa ananiamini. Alikuwa anasema moyoni kwamba umepatwa na baya kule biro.

Jumamosi asubuhi nilikwenda ziwani kuchota maji. Papa akachemsha viazi vitamu, akavifunga kwenye kitambaa, akachukua na ile triko yako, sweta ya kijani uliyoacha kwetu, kwa kuwa ulikuwa umeandika kwamba sakafu ya biro ina baridi. Akatoka kwa miguu. Na miguu yenyewe unaijua. Pikipiki ya kukodi hakutaka, alimuambia Mama Angèle kwamba zinasimamishwa na wenye bunduki, bali muzee anayetembea kwa miguu hana anayemutaka.

Yanayofuata nimeyapata kwa Mulumeoderhwa, sentineli wetu, mulinzi wa biro. Anasema Papa alifika akihema, akauliza habari zako. Akamuambia patron hajakanyaga pale tangu siku ya Mungu iliyopita. Papa akacheka. Akamusifu kwa kujua kuficha siri ya mukubwa wake, ila akasema kwa baba wa mutu siri haifichwi. Akaketi kwenye ngazi, kifurushi magotini. Mulumeoderhwa akamuomba aingie ndani, kwa sababu wenye bunduki walikuwa wananyang'anyana gari kwenye rond-point, pale barabara zinapozungukana. Papa akakataa, akasema akiingia ndani utapita bila yeye kukuona. Risasi zilipoanza, Mulumeoderhwa alitoka akamuvuta mukono, lakini moja ilikuwa imekwisha kumupata. Aliuliza kama umefika. Mulumeoderhwa akamuambia ndiyo, amefika.

Ndivyo alivyokufa baba yetu, Yaya. Najua kila mutu atasema risasi haina macho, na ni kweli. Mimi nimekaa na jambo lingine. Ningeendelea kutuma, ningekuwa namudanganya Papa. Niliacha kutuma, akatoka nyumbani. Uliniwekea njia mbili na zote ulikuwa umezifunga tangu Jumamosi ile, kisha ukaenda kula nyama. Sehemu yangu naibeba, na sikuombi unisaidie. Yako pia sitaibeba.

Tulimuzika siku ya Mungu. Udongo wa kwanza hutupwa na mwana wa kwanza. Padri aliuliza yuko wapi, watu wakaniangalia, nikautupa mimi.

Jana courant ilirudi. Nilikwenda biro kuzima mambo na kufunga, na kabla ya kufunga nikasoma brouillon yako ya mwisho. Nakunakilia hapa, labda umeisahau: "Leo, siku ya Mungu, nimekula na muzee wangu hapa Ndosho. Ana nguvu, anawasalimia wote. Ameniwekea mikono kichwani na kutubariki sisi sote tuliobaki Goma." Niliisoma mara ya pili. Saa uliyokuwa umemupangia kula na wewe, tulikuwa tumemushusha kaburini.

Nikaandika brouillon yangu, mistari miwili. Kwamba muzee Niyibizi aliuawa Jumamosi kwenye ngazi za biro yetu akimungojea mutoto wake Julien, aliyekuwa Gisenyi, na kwamba amezikwa siku ya Mungu. Nikaiweka pamoja na zako zilizobaki, ile ya mvua ya Ijumaa, ile ya Jumamosi unaposema umelinda mulango wa biro usiku kucha, na ile ya baraka. Zako sikuzibadili hata koma. Kisha nikaandika ile amri uliyonikataza, ile inayofagia zote. Kioo kikaandika kwamba hakuna kilichobaki.

Majibu yalianza kuingia kabla sijasimama. Wengine wanauliza waamini ipi. Sikumujibu mutu. Jina lililo juu ya mesaji zile ni lako, na majibu ni yako. Ufunguo wa biro uko kwa Mulumeoderhwa.

Sina mengine. Unisalimie Fabiola, na watoto uwaambie kwamba babu yao aliwapenda, hilo si uongo. Mama Angèle amehama jana na watoto wake, hakukuachia salamu. Munyakazi na mujomba Twagirayezu wanakusalimia kwa sababu ni adabu. Viazi Mulumeoderhwa hakuweza kuvitupa, wala hakuna aliyeweza kuvila, tukavizika pamoja na Papa. Triko Mama Mukabalisa atakupa pamoja na barua hii. Nimeifua kwa maji ya ziwa, nikaifua tena, na damu haikutoka yote. Uivae, Yaya, Papa alikuwa na wasiwasi kwamba unasikia baridi.

Ni mimi mudogo wako niliyebaki Goma,

Athanasie Umuhire