Pambizo za Herufi S

Jumamosi. Mvua imenyesha Beni tangu asubuhi, na mabati ya hapa mtaani Mulekera yalipiga kelele hadi nikashindwa kusikia redio. Sijali. Leo hakuna kitu cha kuniudhi.

Mama Kahambu yuko hai.

Ninaliandika hilo kwanza, maana kwa wiki sita nimekuwa nikifungua ukurasa huu na kuufunga bila neno.

Mnaonisoma mnajua darasa langu la Kiingereza kwenye ukumbi wa kanisa. Wanafunzi kumi na wawili, watu wazima wote, na kamusi moja tu, ambayo ni yangu. Mwanzoni tuliigombania. Basi nikachukua wembe, nikaikata herufi kwa herufi, na fundi cherehani akashona kila fungu na kulivika jalada la mfuko wa simenti. Kila mwanafunzi huondoka na fungu lake, na Jumamosi inayofuata hutufundisha maneno yake. Siku ile ya wembe mke wangu alinipa pole kama mtu aliyefiwa.

Mama Kahambu, muuza maharage wa Eringeti, kaskazini mwa Beni, alipewa S. Alikuwa akishuka kila Jumamosi na lori la magunia, anauza, kisha anakuja darasani. Kule kwao wateja wake ni madereva wanaotoka Uganda, na masikio ya mama huyo hayapitwi na kitu. Aliyoyasikia aliyaandika kwa penseli kwenye pambizo. Kamusi inasema sick ni mgonjwa. Yeye akaongeza pembeni: "Dereva akipenda lori sana anasema ni sick. Musichanganye na seek, kutafuta. Midomo yetu inazitamka sawasawa."

Ni kweli, tunazitamka sawasawa. Miaka kumi nafundisha na sikuwahi kuwaambia.

Jumamosi yake ya mwisho alisimama na neno salty. Kwenye kamusi ni yenye chumvi. Kwa madereva, akasema, ni mtu aliyenuna bila sababu. Darasa zima likageuka kunitazama mimi, likacheka.

Nilipandwa na hasira. Nilimnyang'anya fungu, nikaona penseli imejaa kila ukurasa, nikamkaripia mbele ya wenzake. Nilisema hii ni kamusi, si ukuta wa choo. Nilimrudishia, nikamwambia ayafute yote, na asirudi hapa kabla hajayafuta.

Alilifunga fungu lake kwenye kitenge akaondoka bila kuaga.

Nikiri leo, kwa kuwa nina furaha ya kunipa ujasiri: sikukasirikia penseli. Nilikuwa na wivu. Wanafunzi walikuwa wakinakili maneno yake haraka kuliko yangu.

Siku tatu baadaye watu wenye silaha waliingia Eringeti, na raia wakakimbilia porini. Simu yake ilikuwa imezimwa. Kila asubuhi nilikwenda barabarani kuwauliza madereva wanaotoka kaskazini, na kila mmoja alitikisa kichwa. Mke wangu aliniambia nimsalie tu. Nilisali, lakini kila nilipofumba macho nilijisikia nikisema: asirudi.

Leo tulikuwa katikati ya herufi M mlango ulipofunguliwa. Alikuwa amelowa, amekonda, na hakupita kizingiti.

"Mwalimu, nakuletea S yako. Nilifuta byote. Sasa naweza ingia?"

Mungu wangu. Mama huyu alitembea porini na watoto watatu na mama yake mzazi, akafika Butembo kwa shangazi yake hana hata sufuria, na asubuhi hii amepanda gari kunishukia Beni. Alichokuwa nacho muda wote huo, kwenye mfuko wa plastiki chini ya kitenge, ni fungu langu la S.

Nililifungua. Pambizo zote zilikuwa safi, zimebaki alama za kijivu tu. Nilimuuliza aliyafutaje huko porini.

"Gome ilipoteaka ku njia," akasema. Alimaanisha kifutio. "Nilikata ku kambambili yangu."

Nikatazama miguu yake. Kandambili ya kushoto haikuwa na kisigino.

Niliketi kwenye benchi, nikalia mbele ya wanafunzi wangu wote, mzee wa umri wangu. Kisha nikainuka nikamshika mkono.

"Ingia, mama. Ni mimi nilikosa. Unisamehe."

Nilimpa biki yangu, kalamu ya wino, na lile fungu, nikamwomba ayaandike upya. Akaigeuza ile biki mkononi, akanipinga kwa Kifaransa chetu cha kuchanganya.

"Mais Mwalimu, biki haifutike."

"Donc basi, andika nayo," nikamwambia.

Aliandika saa nzima, na darasa likamngoja. Hakusahau hata moja. Alianza na salty, na safari hii ameweka mfano wenye jina langu. Walicheka tena, na mimi nilicheka kuliko wote.

Sasa mvua imekatika na fungu la S liko mezani hapa, nimelisoma mara tatu. Asante Mungu kwa madereva, kwa shangazi wa Butembo, kwa kisigino cha kandambili. Asante kwa mwanamke aliyeweza kunikasirikia na hakutaka.

Ameondoka na T. Nimemwambia arudi.