Mshale Haukupanda Taratibu

Baba,

Wamekuandika mzembe. Naanza na hilo kwa sababu nikianza na salamu nitalia, na kulia nimechoka. Nina hasira. Shikamoo yako utaipata mwishoni nikishapoa, kama nitapoa.

Ripoti ya kiwanda imetoka. Meneja alimpa Bakari nakala, naye akaniletea hapa nyumbani Mabawa ameikunjakunja utadhani kitu cha aibu. Inasema hivi: mwenzako wa kule kwenye kompresa, mashine ya kubana hewa, alifungua vali, hewa ikaja na bomba hadi kwako, mshale wa geji ya presha ukapanda taratibu, ukauona, ukapuuza, hukufungua koki ya kupunguzia presha. Kifuniko cha mwisho wa bomba kikachomoka, kikakupiga kifuani. Basi. Kosa la marehemu. Na kwa kuwa kosa ni la marehemu, hakuna cha kurekebisha. Vali ni ile ile na inafunguliwa vile vile, kwa mkupuo, kwa sababu malori ya chokaa yanayongoja hewa hiyo yamepanga foleni na madereva wanapiga honi.

Na unajua nani anasimama pale sasa, mbele ya kifuniko kipya? Mwanao Bakari.

Ndiyo. Bakari. Tumetoka kukuzika Kigombe, watu bado wamekaa mkekani, meneja akaingia na magunia ya mchele na sukari. Akasimama mbele ya wanaume wote, akasema, "Mzee alikuwa mtu wetu, na kijana wake ni wetu." Nafasi yako akaitoa pale pale kama ubani. Nani angesema hapana mbele ya kadamnasi ile? Wazee wakaitikia alhamdulillahi, Baba Mkubwa akamshika Bakari mkono akamsimamisha ashukuru. Mimi nilikuwa ndani na wanawake, nikasikia kupitia dirishani, nikafumba mdomo. Haya, Baba! Haya itatumaliza sisi. Mtu anamleta mwanao pale pale palipokuua, na sisi tunamkaribisha chai.

Na wewe pia nina hasira nawe, usidhani umepona. Mara ngapi umerudi nyumbani unasema, "Leo bomba limenipiga teke"? Umekaa hapo kwenye kiti chako, unajikanda bega, unacheka. Nilikuambia ukaseme ofisini. Ukanijibu, "Hewa tu, mwanangu, nikawaambie nini, kwamba hewa imenisukuma?" Ungesema! Hata wangekucheka, ungesema. Ulikuwa na mdomo mkali wa kunigombeza mimi nikichelewa kurudi, lakini mbele ya wenye tai ukawa mpole kama maji ya mtungi. Nakupenda na nina hasira nawe, vyote kwa pamoja, na sijui niviweke wapi.

Basi nikakaa chini. Nilitandaza sakafuni karatasi za manila nilizounganisha kwa gundi, nikachukua rula ya ubaoni niliyoazima shuleni. Mbinu ya kufuatilia hewa ndani ya bomba nilifundishwa chuo kikuu, nikafaulu mtihani nikaisahau, maana wanafunzi wangu wa kidato cha pili hawana haja nayo. Uliniuliza siku moja inahusu nini, nikakujibu kwa mkato. Leo nitakueleza vizuri.

Unachora bomba limelala chini ya karatasi, na muda unapanda kwenda juu. Kila badiliko la presha kule kwenye kompresa ni habari, na kila habari ina mstari wake unaokuja kwako. Mwinamo wa mstari unaonyesha mwendo wa habari hiyo: mwendo wa sauti ndani ya hewa ile, jumlisha mwendo wa hewa yenyewe. Kwenye kila mstari kuna thamani isiyobadilika. Unaibeba kutoka nukta hadi nukta, na pale mstari unaokwenda unapokatana na unaorudi, unapata presha ya hewa na kasi yake mahali hapo. Ni kazi ya subira tu. Unakokotoa, unachora, unafuta, unachora tena.

Sasa nisikilize hapa. Habari ya kwanza inapita kwenye hewa iliyotulia. Ya pili inapita kwenye hewa iliyokwisha kubanwa, iliyopata joto, ambayo tayari inasukumwa kuja kwako. Kwa hiyo ya pili inakimbia kuliko ya kwanza, na ya tatu kuliko ya pili. Ni kama watu wanaotoka uwanjani mpira ukiisha, wa mbele wanatembea na wa nyuma wanakimbia. Bomba likiwa fupi, wa nyuma hawawahi kuwafikia wa mbele. Lakini bomba lako linakatiza kiwanda kizima! Nilichora mstari mmoja baada ya mwingine, na yote ikaja ikakutana njiani, kabla haijafika kwako. Ikishakutana hakuna tena taratibu. Kilichobaki ni pigo moja. Na pigo hilo likifika kwenye mwisho uliofungwa linadunda, na presha inayoongezeka pale ukutani inazidi maradufu ya ile iliyokuja nalo.

Kwa hiyo mshale wako ulikuwa umelala, Baba. Ulikuwa umelala pale pale ulipolala asubuhi nzima, mpaka pigo lilipofika. Hukupuuza kitu. Hakikuwapo cha kupuuza.

Nilipiga ukelele. Mama, ambaye bado yuko eda, akaniita kutoka chumbani kwake kuuliza nina nini. Nikamwambia Baba hakuwa mzembe, nimelipata. Akasema, "Kwani ulikuwa hujui?" Akarudi kwenye uradi wake.

Nikakunja manila zangu, nikapanda bajaji hadi Raskazone, ofisini kwa meneja. Alinipokea vizuri, soda baridi na pole nyingi. Akatazama mchoro, akatabasamu lile tabasamu lao. "Mwalimu, hii ni hisabati ya darasani. Msuguano uko wapi?" Nikamwambia msuguano nimeuacha kweli, nao ungepunguza nguvu ya pigo, lakini kwa vali inayofunguliwa kwa mkupuo vile usingeligeuza pigo kuwa taratibu. Akasema marehemu alikuwa mtu mzima, huenda macho yalikuwa yameanza kuchoka. Macho yako! Wewe uliyekuwa ukimtungia Mama uzi kwenye sindano! Wallahi ile soda nilitaka kuimwaga juu ya meza yake.

Nilirudi nyumbani nikamwambia Bakari aache kazi. Akakataa. Akasema akiondoka watasema kweli baba alikuwa mzembe na mwanawe ni mwoga. Una mtoto mwenye kichwa kigumu, na sijui kakirithi kwa nani. Nikamwambia basi afunge simu kwenye nguzo, airekodi geji, yeye asogee mbali wakati hewa inafunguliwa. Akaenda akarekodi. Na hakusogea! Ati alisimama hapo hapo akaishikilia simu, angejuaje kama haijaanguka? Nilimpiga kofi la bega nikiwa nalia. Mtu mzima ana ndevu, nikampiga.

Lakini picha tunayo. Mshale umelala. Umelala. Umelala tena. Kisha uko juu, unatetemeka. Nimeirudisha polepole mpaka macho yananiuma, na hakuna katikati. Chini, halafu juu.

Nikaipeleka Raskazone. Safari hii meneja hakutabasamu. Alitazama, akatazama tena, akafunga mlango. Akavua miwani, akaongea kwa sauti ya chini, sauti ya mtu anayejua kwamba ni kweli. Akasema ataweka vali mpya, ile inayofunguka polepole, na geji ya Bakari itahamishwa ikae mbali na kifuniko. Wiki hii hii. Ila ripoti tusiiguse. Ripoti ikifunguliwa, uchunguzi unaanza upya, na mpaka uchunguzi uishe hakuna kinachoruhusiwa kubadilishwa pale. Vali itangoja. Na kazi haitasimama.

Unaelewa alichoniuliza, Baba? Kaniuliza kwa adabu kabisa, na soda ikiwa bado mezani. Ama jina lako, ama mwanao.

Nilimtazama nikatamani angalau awe mtu mbaya, mtu wa kutukana. Hakuwa hivyo. Alikuwa anaogopa kwa ajili ya kiti chake, basi. Nilifikiria kumwambia liwe liwalo, tufungue ripoti, dunia nzima ijue. Halafu nikamwona akilini Bakari amesimama pale kwenye bomba na simu mkononi, na madereva wanapiga honi.

Nikasema sawa.

Neno moja tu, na sijawahi kusema neno chungu kama lile. Nilitoka pale, nikakataa lifti ya dereva wake, nikatembea.

Vali imewekwa. Nilikwenda mwenyewe kuiona, sikumwamini mtu. Inazungushwa mizunguko mingi hadi ifunguke, na madereva wanalalamika kwamba hewa inachelewa. Wachelewe! Nilisimama kwa Bakari, mshale ukapanda mbele ya macho yangu, pole pole, kama walivyokusingizia. Nikamwacha anafanya kazi, nikaondoka.

Haya, shikamoo Baba. Sijapoa, lakini shikamoo. Mama hajui nilichokubali. Nakuambia wewe peke yako kwa sababu wewe ndiye niliyekulipisha bila kukuuliza. Nakuahidi hivi: nilimpa yule mtu sawa yangu kwa sababu ya Bakari, na itadumu muda ule tu Bakari atakaokuwa pale. Siku atakayoacha kazi, au kustaafu nikiwa bibi mwenye fimbo, siku hiyo hiyo napanda Raskazone na manila zangu kwapani. Mpaka wakati huo, lala. Kule kiwandani bado wewe ni mzembe, na ni mimi niliyekuacha uwe hivyo, na leo Bakari amerudi nyumbani analalamika kwamba mchuzi hauna chumvi.

Mwanao,
Zuhura